Kibao Namba Nne

Kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, Inspekta alikuwa na kazi yake moja ndogo: kuchonga penseli tatu. Alitandika gazeti la jana juu ya meza, akatoa wembe kwenye droo, akachonga taratibu mpaka ncha zote zikawa sawa. Askari wa kituo kile walimwita Mama Penseli. Yeye alilijua jina hilo wala halikumuudhi. Kalamu ya wino, alikuwa akisema, inampa mtu haraka ya kuwa na uhakika.

Asubuhi ile alikuwa kwenye penseli ya pili mlango uliposukumwa bila hodi.

Aliingia mwanamke kijana mwenye sare ya uuguzi, macho mekundu kama mtu aliyetoka zamu sasa hivi. Aliweka jozi ya viatu vya kiume juu ya gazeti, katikati ya maganda ya penseli.

“Shikamoo, Afande. Hivi ni viatu vya baba yangu. Nimekabidhiwa jana hospitalini.”

“Marahaba. Pole sana, binti. Kaa.”

Hakukaa. Inspekta alimjua sasa. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye miaka sitini na minne, aliyekufa Jumamosi iliyopita ndani ya chemchemi ya maji moto huko milimani, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabara inapoishia. Alikuwa amekwenda na mdogo wake, fundi saa. Ndugu hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja. Mwanamke anayetunza kibanda cha wageni kule juu alieleza kwamba Ijumaa jioni aliwasikia wakipigiana kelele. Jumamosi alasiri Mwalimu akakutwa amekufa, ngozi imeungua, na mikono ya Fundi imebabuka mpaka mabegani. Faili lilikuwa jembamba, na juu yake Koplo alikwisha kuandika neno moja kwa herufi kubwa: MAUAJI. Kesho saa sita mchana lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka.

“Angalia hiki,” alisema Muuguzi. Akaingiza vidole kwenye kiatu cha kushoto, akatoa kitambaa, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo ya kusikilizia, rangi ya ngozi, si kubwa kuliko haragwe. “Baba alikuwa mzito wa masikio. Akiwa na mashine hii anasikia nusu. Bila hii, unaweza kupiga ngoma nyuma ya mgongo wake asigeuke. Alikuwa haivui ila akienda kuoga.”

“Endelea.”

“Nilisomewa maelezo ya yule mama wa kibanda. Eti Ijumaa jioni walikuwa wanagombana kwa kelele. Afande, kila mtu aliyezungumza na baba yangu alipiga kelele. Mimi nikimwita mezani, majirani walikuwa wanatoka nje kuja kuamua ugomvi.”

Inspekta aliweka wembe chini.

“Unamtetea baba yako mdogo?”

“Simtetei.” Sauti ya Muuguzi ilipungua. “Nimekuja hapa mara mbili, hata kuniangalia usoni hakuniangalia. Pole tu, hakuniambia. Kama alimuua baba, nataka kujua. Kama hakumuua, nataka kujua. Jumapili nazika, na mpaka sasa sijui nilie kilio gani.”

Inspekta aliivuta mashine ile ya sikio karibu, akaitazama kwa muda. Kisha akaita kwa sauti kuelekea korido.

“Koplo! Buti zako zina soli?”

“Soli zipo, Afande,” lilikuja jibu. “Kilichoisha soli ni magoti.”

“Yabebe hivyo hivyo. Mtoe Fundi mahabusu. Tunakwenda kwenye chemchemi.”

*

Pingu hazikuwezekana kwa sababu ya bendeji. Koplo alimfunga Fundi kamba kiunoni, akashika ncha ya pili, na kwa saa nne walipanda hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Fundi alikuwa mtu mdogo wa umbo, mabega yameinama kama ya watu wote wanaofanya kazi macho yakiwa karibu na vidole. Hakulalamika. Penye miteremko ya changarawe alikuwa akisimama kumngoja Koplo, ambaye alipumua kama mvukuto.

“Nani anamchunga nani hapa?” aliuliza Inspekta.

“Afande, mimi niliajiriwa mjini,” alisema Koplo. “Kwenye fomu yangu hapakuwa na mlima.”

Muuguzi alikuja mwisho. Alikuwa ameomba kuja, na Inspekta hakumkatalia.

Miti ilipungua, ikaja nyasi fupi, kisha miamba mitupu yenye michirizi ya njano. Harufu ya kiberiti iliwafikia kabla hawajaona kitu. Kisha wakauona mvuke, ukipanda polepole kutoka kwenye bonde dogo na kutanda kati ya mawe.

Kibanda kilikuwa cha mbao, na mlangoni alisimama mwanamke wa miaka sitini hivi, mkavu, ufagio mkononi. Wapanda milima walimwita Mama Mvuke. Alikuwa ametunza mahali hapo miaka kumi na tisa. Aliwatazama wote wanne, na macho yake yakakaa zaidi kwenye kamba.

“Maji ya kunywa, mama,” alihema Koplo.

“Ya moto au ya baridi? Hapa sina ya tatu.” Lakini alisema bila kucheka.

Inspekta hakuingia kibandani. Aliomba kwanza aonyeshwe maji.

Njia ilishuka kutoka kibandani hatua hamsini mpaka kwenye mfereji wa maji baridi. Hapo palikuwa na mlango wa maji: ubao mnene uliopandishwa na kushushwa kwa kamba. Kando yake palisimama mti mkavu wenye safu ya misumari. Kutoka hapo njia ilizunguka mwamba mkubwa, ikashuka hatua nyingine sabini mpaka bwawani. Bwawa lilikuwa na upana wa chumba, limezungushiwa mawe, maji yake ya kijani, yametulia. Ukiwa kwenye mlango wa maji, bwawa hulioni. Ukiwa bwawani, mlango wa maji huuoni.

Inspekta alipita njia hiyo mara mbili, akihesabu. Kisha akatoa mkobani kipimajoto kirefu alichoazima kwa muuza maziwa wa karibu na kituo, akakitumbukiza.

“Thelathini na tisa,” alisema. Koplo akaandika. “Mama, naomba ushushe ubao kama unavyoushusha siku zote.”

Mama Mvuke alisita. Kisha akapanda, na kamba ikasikika ikilalamika. Mchirizi wa maji baridi ulioingia bwawani ulipungua, ukakatika.

Walikaa juu ya mawe wakisubiri. Baada ya dakika kumi kipimajoto kilisoma arobaini na tatu. Baada ya ishirini, arobaini na nane. Mvuke ulizidi. Muuguzi alikuwa akikisoma mwenyewe sasa, kwa sauti ya kazini, sauti ya mtu anayesoma joto la mgonjwa. Dakika arobaini zilipotimia alisema, “Hamsini na sita,” akasimama, akatazama pembeni.

Ripoti ya daktari ilisema Mwalimu hakuzama. Alikuwa amemeza dawa za mgongo, zile zinazoleta usingizi, na moyo wake ulishindwa na joto. Inspekta aliisoma ripoti hiyo mara tatu kituoni bila kuelewa joto hilo lilitoka wapi, maana watu walikuwa wakioga hapo kila wiki. Sasa alielewa. Mtu anayesinzia katika maji yanayopanda joto kidogo kidogo haamki kwa kuungua. Anazidi kulala.

Walirudi juu kwenye mlango wa maji.

“Jumamosi saa tisa na robo alasiri ulikuwa wapi, mama?”

“Hapa niliposimama.”

“Ukifanya nini?”

“Nikishusha ubao.”

Koplo aliinua kichwa kwa ghafla. “Mbona hukusema?”

“Hamkuniuliza habari ya maji, mwanangu. Mliniuliza habari ya kelele. Nikajibu habari ya kelele.” Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. “Kila siku watu wakishatoka, nashusha ubao. Maji ya moto yanajaa peke yake, yanapika uchafu wote na utelezi wa mawe. Alfajiri napandisha, yanapoa, wageni wanaoga kwenye maji safi. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo. Hajapata kuugua mtu.”

“Na unajuaje kwamba wametoka?”

Mama Mvuke aligusa misumari. “Ninavyo vibao kumi na viwili kule ndani, vya namba. Kila anayeshuka kuoga anachukua chake, anakitundika hapa. Akipanda anakichukua, anakirudisha. Msumari ukiwa na kibao, kuna mtu majini. Ikiwa mitupu yote, hakuna.”

“Na siku ile?”

“Mitupu.” Aliigusa misumari tena, mmoja mmoja. “Mitupu yote, afande, naapa. Na niliita pia. Kuna mtu? Kuna mtu? Mara mbili. Kimya.”

“Alikuwa ameivua mashine,” alisema Muuguzi taratibu. “Ungeita mara mia, mama.”

Mama Mvuke aliketi chini palepale, kwenye unyevu. Ilibainika kwamba hakuwa ameambiwa habari ya mashine ya sikio, wala daktari alichoandika. Alichokuwa nacho siku sita zote hizo ni ubao na kamba yake.

Inspekta alimwacha kidogo. Kisha akauliza, kwa upole, vibao vilivyopo sasa ni vingapi.

“Kumi na kimoja. Namba nne haipo. Nimeitafuta mpaka chini ya mawe. Nikasema labda upepo, labda imeangukia majini, na mimi nikaua mtu kwa sababu ya upepo.”

Inspekta alifungua faili, akapekua mpaka kwenye orodha ya vitu alivyokutwa navyo mtuhumiwa. Aliisoma kwa sauti. “Moja, leso. Mbili, funguo za duka. Tatu, lenzi ya kuvaa jichoni. Nne, bisibisi ndogo, mbili. Tano, saa ya mkononi, haifanyi kazi. Sita, kipande cha ubao chenye namba nne, hakina thamani.” Akainua macho. “Koplo, huu ni mwandiko wako.”

“Afande…” Koplo alishika kofia yake. “Mafundi hubeba vikorokoro. Nilidhani ni cha dukani.”

Wote walikuwa wakimtazama Fundi.

Mama Mvuke aliinuka. “Wewe!” alisema. “Ni wewe uliyekitoa? Siku sita sijala, siku sita naona sura ya yule mzee kila nikifumba macho, kumbe kilikuwa mfukoni mwako!”

Fundi aliinamisha kichwa.

“Basi ndiyo hivyo,” Koplo alisema haraka, kama mtu aliyeona njia ya kujiokoa. “Alikitoa makusudi ili maji yafungwe. Kesi imekamilika, Afande.”

“Imekamilika kama alijua kazi ya kibao,” alisema Inspekta. “Mama, Ijumaa walipofika, nani ulimweleza habari ya misumari?”

“Yule mkubwa. Alikuwa ameingia ndani kuchukua vibao. Nilimweleza yote. Akatikisa kichwa kukubali, akanishukuru kwa adabu kabisa.”

“Alikujibu neno lolote la kuonyesha ameelewa?”

Mama Mvuke alifikiri. “Alitikisa kichwa.”

Muuguzi alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. “Baba alitikisa kichwa kwa kila asichokisikia. Hakupenda kumsumbua mtu aseme mara ya pili. Aliwahi kutikisa kichwa mpaka akajikuta amekubali kuwa mwenyekiti wa mtaa.” Akageukia mwamba.

“Na huyu?” Inspekta alimnyooshea kidole Fundi.

“Huyu alikuwa nje anafungua buti. Sikumwambia. Nilijua kaka yake atamwambia.”

“Fundi, wewe ulidhani vibao ni vya nini?”

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwa Fundi kufungua mdomo. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. “Vya kuhesabu wageni. Kaka alinipa namba tano, akasema tundika pale. Nikatundika.”

“Saa tisa ulitoka majini, ukapanda hapa, ukachukua chako na chake.”

“Ndiyo.”

“Saa kumi ukarudi. Ukapita hapahapa. Kamba hii iko usawa wa bega lako. Ubao ulikuwa umeshushwa au umepandishwa?”

“Sikuangalia.”

“Mama, uliposikia mayowe ukaja mbio, ubao ulikuwaje?”

“Chini. Mimi ndiye niliyeupandisha. Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye mawe, mikono yote miwili majini, anamvuta. Analia kama mtoto.”

Inspekta alimgeukia Koplo, akasema polepole ili aandike. “Aliyejua maji yamefungwa angevuta kamba kwanza. Ni tendo la sekunde moja. Huyu alipita kamba, akaenda kuitia mikono kwenye maji ya kupika mayai, akaiacha humo mpaka ngozi ikabanduka, kwa sababu hakujua maji baridi yamefungwa. Tuliandika kwamba majeraha yale ni ya kumzamisha mtu. Ni ya kumtoa.” Akangoja mpaka penseli ya Koplo ikasimama. “Na zile kelele ni za kusikilizana. Mfungue kamba.”

Koplo alipiga magoti, akahangaika na fundo alilolikaza mwenyewe. Kamba ikaanguka. Fundi hakusogea, kama vile bado imemshika.

“Ninabakiwa na swali moja,” alisema Inspekta, “nalo si la mahakama. Ulikichukua kwa nini kibao cha kaka yako?”

Mvuke ulipita kati yao. Chini, maji ya moto yaliendelea kuguguma ndani ya jiwe. Fundi alitazama mikono yake iliyofungwa.

“Ili nirudi,” alisema.

“Sema vizuri.”

“Nilikuwa na neno la kumwambia. Ndiyo sababu nilimwomba tuje huku, mahali ambapo hakuna mlango wa kutokea. Ijumaa nililianza. Nikapaza sauti, ‘Kaka, habari ya mama!’ Akatikisa kichwa. Nikajua hajasikia, nikashindwa kuanza upya. Jumamosi tukakaa majini saa nzima. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Kila nikifungua mdomo ninaufunga. Nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa mkono kwamba natoka mara moja. Nilipofika hapa nikaona vibao viwili. Nikasema, nikichukua na chake itabidi nimrudishie, na nikimrudishia itabidi niseme. Nilijijua. Bila kitu cha kunirudisha nisingerudi. Changu nikakirudisha ndani, nikakaa nyuma ya kibanda. Nilikaa saa nzima nikitafuta pa kuanzia.”

Mama Mvuke alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na bila hasira ile alionekana mzee sana.

Muuguzi alikuja mpaka mbele ya Fundi, akasimama karibu kiasi kwamba hakuwa na pengine pa kutazama.

“Neno gani, Baba Mdogo?”

“Mwanangu, niache.”

“Miaka kumi na mmoja baba alikuwa haingii kwenye nyumba ya bibi. Tukipita mtaa ule alikuwa anavuka barabara. Hakutuambia kwa nini. Jumapili namzika kando ya bibi kwa sababu sina pengine pa kumzika, na sijui kama anataka kulala pale. Neno gani?”

Koplo alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa mkono.

“Mimi ndiye niliyemuuguza mama,” alisema Fundi. “Miaka sita. Namgeuza kitandani, namwosha, namlisha kwa kijiko. Baba yako alikuwa anafundisha mbali, anatuma barua. Sikumlaumu. Lakini mama alipofika mwisho, siku tatu kabla hajakata roho, hakunijua tena. Mimi niko hapo, nimemshika mkono, na yeye ananiuliza wewe ni nani, na mwanangu yuko wapi. Anamwita yeye. Usiku na mchana. Yeye tu.”

“Halafu?”

“Baba yako, wakati huo bado anasikia vizuri, akapiga simu kusema yuko njiani. Nikamjibu asije. Nikamwambia mama amekasirika, amesema hataki kumwona. Akageuza njiani.”

Muuguzi hakurudi nyuma. Alimshika viwiko, juu ya bendeji, kwa mikono iliyozoea kushika watu waliojeruhiwa.

“Sasa sema ulilotaka kumwambia,” alisema. “Nitamfikishia. Lisemwe tu.”

Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

“Kaka,” alisema, “mama alikuwa anakuita.”